Mdogo Wangu kwa Sauti ya Mwenzangu

Nilikuwa nimefundisha kemia Kolwezi, mji wetu wa migodi, kwa muda mrefu kabla watu wa mradi hawajaleta jukwaa la kujifunzia mtandaoni shuleni kwetu. Walikuja na masanduku ya kompyuta, wakafunga sola juu ya paa la chumba cha zamani cha ushonaji, kisha wakatuketisha sisi walimu kwenye madawati ya watoto ili watufundishe namna ya kufungua darasa, kupakia somo, kutunga maswali ya kujipima na kuwajibu wanafunzi. Wengi wetu tulikaa pale kwa adabu tu. Tulikwisha kuona miradi ikija na fulana na kofia, ikapiga picha, ikaenda zake.

Mimi lakini nilishikwa. Darasa langu lilikuwa limejaa hadi dirishani na hatukuwa na maabara, ila kilichoniuma zaidi ni wale wasiokuwapo. Kiangazi kikifika wavulana walikwenda kuchimba shaba kwenye mashimo ya Mutoshi. Wasichana walipata mimba wakabaki nyumbani. Wengine walifuata wazazi mashambani upande wa Kasaji na kurudi baada ya mvua, wakanakili daftari la jirani bila kuelewa hata mstari mmoja. Sasa nikaona kuwa katika lile jukwaa mwalimu anaweza kuweka sauti yake. Picha za video zilikula mega nyingi, watoto wetu hawangeziweza. Sauti ilikuwa nyepesi. Mwanafunzi mwenye telefone ndogo aliweza kusimama karibu na ukuta wa shule wakati mashine zinafanya kazi, akapakua somo, akaondoka nalo mfukoni hadi popote alipokuwa anaishi.

Basi nikaanza kujirekodi jikoni asubuhi, siku ambazo sikuwa na kipindi cha kwanza. Nilisema kwanza kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, kile cha sokoni na cha kanisani, halafu nikarudia kwa Kifaransa kwa kuwa mtihani wa Leta, ule wa taifa, ni wa Kifaransa. Watoto wetu wanalijua jiwe la kijani kwa uzito wake mkononi, wengine wanaweza kukuambia lina shaba kiasi gani kwa kulitazama tu, lakini ukiwaandikia ubaoni jina lake la kemia wanaona ni kitu kingine kilichotoka Ulaya. Niliwaomba wanaotoka Mutoshi waniletee mawe. Niliyapanga kwenye dirisha, nikayapiga picha kwa mwanga wa jua, nikaziweka picha pamoja na sauti. Baada ya muda wanafunzi walianza kuniandikia. Mmoja aliuliza kwa nini jiwe jeusi alilolimwagia maji ya betri lilitoa harufu ya kukaba. Katika miaka yangu yote hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo darasani, mbele ya wenzake.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mwalimu wa fizikia. Alikuwa kijana kuliko mimi, alitoka kaskazini mwa Katanga, na alipofika Kolwezi hakuwa na ndugu. Mama yangu, ambaye nilikuwa naishi naye, alimwona kanisani siku ya kwanza akiwa na shati lisilopigwa pasi, akamwalika kula. Tangu hapo alikuwa mtu wa nyumbani. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu. Bukari, ugali wetu, ikiiva na yeye hayupo, mama aliuliza amekwama wapi. Hata mdogo wake wa damu, mfanyabiashara wa nguo kule Dilolo, alipopita Kolwezi alilala kwetu, kwa sababu chumba cha mwenzangu kilikuwa kidogo. Tulicheka naye sana jioni ile. Alikuwa mtu wa hadithi.

Kwenye kompyuta mwenzangu alikuwa mwepesi kuliko mimi. Yeye ndiye aliyegundua namna ya kupanga maswali ili mwanafunzi akikosea apewe maelezo papo hapo badala ya alama nyekundu tu. Mimi nilikuwa na maneno. Alisikiliza masomo yangu na kuniambia wapi nimekwenda haraka, na nilipokwama mahali kwenye mashine alikuja kusimama nyuma yangu na kusema, yaya, bonyeza pale. Vipindi vikiisha tulibaki katika chumba cha ushonaji hadi mlinzi anakuja kufunga. Sikuwa nimefurahia kazi namna hiyo tangu ujana.

Kulikuwa na somo moja lililonichukua muda mrefu kuamua kama nilitengeneze. Ni somo la moto usiopata hewa ya kutosha, na ile hewa mbaya inayotokana nao, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kitabu kinasema mambo hayo kwa sentensi chache. Mimi nilikuwa nayajua kwa njia nyingine. Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho wa mama yangu, alikufa kwa hewa hiyo Mutoshi. Walikuwa wameshusha mashine ya petroli ya kuvuta maji hadi chini ya shimo, kwa kuwa ikikaa juu mpira wake haukufika majini. Mashine iliunguruma huko chini, maji yakatoka, na yeye akashuka kuona yamebaki kiasi gani. Waliomtoa walisema walimkuta ameketi, mgongo ukutani, kama mtu anayepumzika. Alikuwa amevua viatu vyake na kuviweka pembeni, kimoja karibu na kingine. Vilikuwa vipya, vilimbana. Asubuhi ile alikuwa amelalamika navyo kwangu, nami nikamwambia avilainishe kwa mafuta ya mawese.

Niliona kwamba nikiwaambia watoto habari hiyo hawataisahau, na kwamba kati yao wapo wanaoshuka mashimoni kila kiangazi. Lakini kifo kile hakikuwa changu peke yangu, hivyo nilikwenda kumwuliza mama. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe kwa vidole, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliendelea kuchambua hadi nikadhani amekataa.

“Sema tu,” akaniambia. “Kama mutoto wa mwingine atasikia na hatashuka, sema.”

Nikarekodi. Nilieleza kuhusu ile hewa, jinsi inavyoingia katika damu na kushika nafasi ya hewa nzuri, na jinsi mtu asivyojua kwamba anakufa, anahisi usingizi tu. Kisha nikasimulia habari ya mdogo wangu. Nilipofika kwenye viatu sauti ilikatika, nikanyamaza, nikameza mate, nikaendelea. Mwenzangu aliponisikiliza alisema nisirudie, niiache vilevile. Machozi yalimtoka. Naamini hata leo kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yaliyofuata yalinishinda kuelewa.

Muda si mrefu macho ya mama yakawa mabaya kabisa, na tulipata nafasi ya kumpeleka Likasi apasuliwe. Nilijua tutakaa huko hadi apone vizuri. Sikutaka wanafunzi wanaoniandikia wakose jibu, basi nikampa mwenzangu usimamizi wa darasa langu kwenye jukwaa. Ni jambo la kubonyeza mahali pamoja tu: unachagua jina la mtu, unampa mamlaka uliyo nayo. Aliniambia niende kwa amani, nimwuguze mama, yeye ataangalia kila kitu. Alitubebea mizigo hadi kwenye basi.

Likasi tulifikia kwa dada mdogo wa mama. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama alirudishwa nyumbani akiwa amefungwa bandeji, akaambiwa atulie kwenye kiti, asiiname. Alikuwa mtu wa kazi, kutulia kulimchosha, kwa hiyo watoto wa nyumba ile walimsomea Biblia na kumwekea redio. Kulikuwa na binti wa dada yake, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alipotoka shule siku moja alikuja na telefone yake na furaha nyingi.

“Tantini, sikia,” akaniambia, akiniita shangazi kwa heshima ya umri. “Ni masomo ya kwenu Kolwezi. Kwetu bote banasikiliza.”

Nilifurahi. Sikujua kwamba masomo yamefika Likasi. Nikamwambia aweke sauti juu ili mama naye asikie kazi ya mtoto wake. Aliyezungumza alikuwa mwenzangu. Nikadhani ni somo la fizikia. Kisha nikasikia maneno. Yalikuwa yangu, neno kwa neno, kwa mpangilio wangu, na ule mfano wangu wa mkaa uliofunikwa katika chungu. Hapakuwa na sauti ya sufuria wala kuku nyuma yake, kila kitu kilikuwa safi. Nikajiambia, basi, amerekodi upya, pengine sauti yangu ilikuwa na kasoro, ataniambia. Nilikuwa bado namtafutia sababu wakati alipofika kwenye shimo la Mutoshi.

Alisema, mimi nilikuwa na mdogo wangu. Alisema kuhusu mashine ya maji na mpira usiofika. Alisema walimkuta ameketi, mgongo ukutani. Na viatu pembeni, kimoja karibu na kingine, viatu vipya vilivyombana, ambavyo asubuhi ile yeye mwenyewe alimwambia mdogo wake avilainishe kwa mawese. Pale mimi niliponyamaza kumeza mate, naye alinyamaza. Alinyamaza kwa urefu uleule.

Mama alikuwa ameinua kichwa kuelekea sauti ilikotoka, macho yamefungwa, mikono juu ya magoti.

“Uyu ni nani,” akauliza, “anasema mutoto wangu ni mudogo wake?”

Binti akazima telefone. Mama hakuuliza mara ya pili, kwa kuwa alikuwa ameitambua sauti. Alikuwa amempikia mtu yule kwa miaka. Daktari alikuwa amemkataza kulia kwa ajili ya macho yake, na nilimwona akijizuia, nami nikiwa nimesimama pale bila kujua nimshike mkono au nimwache. Mwishowe aliomba apelekwe kitandani.

Nilichukua telefone yangu ili niingie katika darasa langu. Jukwaa likaniambia sina ruhusa. Nilijaribu tena, nikidhani nimekosea neno la siri. Sikuwa nimekosea. Jina langu lilikuwa limeondolewa miongoni mwa walimu wa darasa nililoliunda mwenyewe. Nilimpigia mwenzangu, hakupokea. Nikampigia tena kesho yake, hakupokea. Kisha alinitumia ujumbe mfupi kuuliza macho ya mama yanaendeleaje, kama vile hakuona kwamba nimempigia. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Sikumjibu.

Tuliporudi Kolwezi nilikwenda shule kama kawaida, siku ambayo nilikuwa na kipindi asubuhi. Nilitaka nimwone yeye kwanza kabla ya mtu yeyote, lakini hakuwa amefika, nami nikaingia darasani. Wanafunzi walinipokea vizuri, wakauliza habari za mama. Ndipo msichana mmoja wa mbele, mwenye heshima sana, akaniambia jambo ambalo kwake lilikuwa zuri.

“Madamu, haukukuwa hapa tulipoenda kumupatia profe wa fizikia pole ya mudogo wake.”

Nikamwuliza pole gani. Wakanieleza, mmoja akimwongezea mwingine. Baada ya kusikia somo lile darasa zima liliguswa. Walikubaliana, wakachanga unga na sukari, wakaenda kwake Jumapili baada ya ibada. Walimwimbia nyimbo za matanga uani kwake. Profe alitoka, akasimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, akawashukuru mmoja mmoja. Akawaomba wasishuke mashimoni. Wavulana wawili wa nyuma walisema tangu siku ile hawajarudi Mutoshi.

Niligeukia ubao. Nilijifanya natafuta chaki.

Ningeweza kusema palepale. Mara nyingi nimeulizwa na watu wachache wanaojua habari hii kwa nini sikusema. Lakini wavulana wale walikuwa wamekaa mbele yangu wazima, wameacha mashimo kwa sababu ya mdogo wangu, na hawakujua kwamba ni wangu. Kama ningewaambia kwamba profe amewadanganya, sikujua wangebaki na nini mkononi. Niliandika kichwa cha somo la siku ile, nikafundisha.

Nilimkuta mchana katika chumba cha ushonaji. Alikuwa ameketi mahali pangu, karibu na dirisha. Aliponiona alisimama haraka, akaniletea kiti, akaanza kuuliza kuhusu mama. Nikamwambia mama alisikia somo.

Alikaa chini. Akaanza kueleza. Alisema watu wa mradi walikuja ghafla mimi nikiwa Likasi, wakitafuta masomo ya kupeleka katika shule nyingine za mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Walipenda masomo yangu kuliko yote, lakini walisema sauti ina makelele ya jikoni, inabidi irekodiwe upya katika chumba chao, na mwalimu awepo. Mimi sikuwepo. Alihofia nafasi itapotea, ikaenda shule nyingine. Na wao walitaka darasa liwe na mwalimu mmoja, ili wajue wa kuongea naye, ndipo jina langu likatoka. Alikuwa amekusudia kuniambia nikirudi.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Mambo ya jina na ya usimamizi yaliniuma, lakini niliona naweza kuyabeba. Nikamwuliza kuhusu mdogo wangu tu. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwamba ni mdogo wa mwenzake.

“Haingekuwa na nguvu, yaya,” akasema. “Nikisema ni wa mwenzangu, batoto banasikia habari. Nikisema ni wangu, banasikia uchungu.”

“Wako yuko Dilolo,” nikamwambia. “Anauza nguo. Alilala kwetu.”

“Najua.”

“Na pole za batoto, ulipokea?”

“Balikuja na kuimba. Ningesema nini?”

“Ungesema si wako.”

Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilimwona jinsi alivyo, mtu asiye mbaya, aliyefungua mlango wake Jumapili akakuta watoto wanamlilia, akaona ni rahisi zaidi kuinamisha kichwa. Kuelewa hivyo hakukunisaidia kitu. Kulizidisha uchungu. Mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Kesho yake nilikwenda kwa tata prefe, mkuu wa shule yetu. Alinikaribisha vizuri, akafunga mlango. Aliniambia amesikia kuna kutoelewana kati yetu, na kwamba anasikitika, kwa sababu sisi tulikuwa mfano wa kushirikiana. Alisema masomo yaliyotengenezwa kwa vifaa vya shule ni ya shule, si ya mwalimu huyu wala yule. Kuhusu mdogo wangu alikohoa kidogo, akasema hadithi katika somo ni kama mfano wa kitabu, muhimu ni mtoto aelewe. Nikamwambia si hadithi. Akasema ndiyo, ndiyo, mama, anafahamu. Shule ilikuwa imepata jina zuri, alisema, na watu wa mradi walikuwa wanarudi karibuni. Aliniomba tusiwape wageni maneno ya kusema. Nikatoka. Alitimiza jambo moja tu: baada ya siku kadhaa niliweza kuingia tena katika jukwaa, kama mwalimu wa kawaida, chini ya mwenzangu. Niliweza kupakia na kusahihisha. Sikuweza kufuta.

Nikaomba kipande kile cha mdogo wangu kiondolewe. Mwenzangu alikiondoa mwenyewe, bila kusema neno, akaweka mahali pake mchoro wa shimo na mashine. Lakini shule nyingine zilikuwa zimekwisha kupakua somo la kwanza, na limebaki kwenye telefone za watoto nisiowajua. Liko huko hadi sasa. Mara moja nilimkuta sokoni mama mmoja akimwonya mwanawe kwa maneno yangu, akimtajia viatu vipya na mafuta ya mawese. Alisema ilimpata ndugu wa profe fulani. Nilinunua nyanya zangu nikaenda.

Mwenzangu alikuja nyumbani siku moja alasiri kumwomba mama msamaha. Sikumzuia. Mama alikuwa anaona vizuri wakati huo, alikuwa na miwani. Alimtazama muda mrefu, kama anayejaribu kulinganisha uso na sauti aliyoisikia akiwa gizani. Akamwambia amemsamehe, maana ni Mkristo. Kisha akaingia ndani, na hakuleta chakula. Katika nyumba ya mama yangu mgeni hajawahi kuondoka bila kula. Mwenzangu alielewa. Alikaa kidogo kwenye kiti kile cha uani alichokuwa amekizoea, halafu akasimama, akaniaga, akaenda.

Mwaka wa shule ulipoisha watu wa mradi walimhamishia Lubumbashi, afundishe walimu wengine kutengeneza masomo. Shule ilimfanyia sherehe ndogo, na tata prefe alinitaka niseme neno kwa niaba ya walimu wa sayansi. Nilisimama nikamtakia safari njema, nikaketi. Watu walipiga makofi wakidhani nimezidiwa na majonzi.

Baada ya yeye kuondoka usimamizi ulirudishwa kwangu kimyakimya. Bado natumia jukwaa. Naweka maswali, nasahihisha, napandisha kurasa za kitabu na michoro. Wanafunzi hupita, hufaulu. Lakini sijarekodi tena, na darasani nikiona telefone imeinuliwa ninasimamisha somo hadi ishushwe. Naona jinsi wanavyoshangaa. Hawakunikosea lolote. Mwili wenyewe ndio unaokataa.

Msimu wa mvua uliopita nilipata ujumbe kutoka kwa msichana aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amepata mtoto, baba yake akampeleka Kasaji kwa bibi yake, na alikuwa anajiandaa kwa mtihani peke yake. Aliandika kwamba amepakua masomo yote ya kemia, lakini namna shaba inavyosafishwa kwa umeme haimo kwa sauti, kuna mchoro tu, na mchoro haumwambii kitu. Aliuliza kama Madamu ataliweka somo hilo kwa sauti.

Nilikaa na ujumbe ule asubuhi nzima. Kisha nikampigia simu, nikamwambia nitamfundisha hivi hivi, kwa mdomo. Alifurahi mno. Nilimsikia akimwita bibi yake amshike mtoto.

“Madamu, naweza kurekodi?” akauliza. “Ili nirudilie kisha.”

Nilijua ana haki, na kwamba simu ikikatika atapoteza somo, na kwamba ni kwa sababu hizohizo nilianza kazi hii.

“Hapana,” nikamwambia. “Andika.”

Akasema sawa. Akatafuta kalamu, nikamngoja. Nilimweleza polepole kuhusu bamba chafu na bamba safi, na jinsi shaba inavyoacha upande mmoja ikapita majini na kwenda kushika upande mwingine, huku uchafu ukidondoka chini. Simu ilikatika njiani, nikampigia tena. Alipomaliza kuandika nilimtaka anisomee. Alisoma vizuri, ila alikuwa amegeuza bamba moja na lingine, nikamrekebisha. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuanza kulia. Tukaagana.